Matundu Manne Chini ya Upanga

Watu wakirudi safari hupenda kuanza na njia: walikokwama, walikolala, walichokula. Mimi njia naiacha, kwa kuwa ninyi hamtaifuata na mimi siirudii. Naanza pale nilipokuwa nimeshafika Uning'inio, nimenawa miguu, nimepewa uji, na mbele yangu amesimama mtu mwenye kanzu ya rangi ya majivu anayeniambia kwamba nchi nzima ilikuwa inaningoja.

Jina langu ni Shekiondo. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na kama kuna maradhi niliyotoka nayo kazini ni haya ya kusahihisha watu ambao hawakuniomba. Kila mwaka, tulipofika kwenye misemo iliyotoka kwa Wayunani wa kale, nilikuwa naandika ubaoni: upanga wa Damoklesi, yaani hatari inayoning'inia juu ya mtu. Mwanafunzi aliyeandika hivyo kwenye mtihani alipata alama zake mbili kamili. Hakuna aliyeniuliza ni mtu gani huyo, alikuwa amekaa wapi, na nani alimketisha. Hadithi yenyewe ni ndefu kidogo na kengele ilikuwa karibu kulia, basi nami sikujisumbua. Nalikiri hilo mapema, maana litarudi.

Yule wa kanzu ya majivu aliitwa Bwana Fumbwe, Katibu wa Baraza la Maana. Nilimuuliza kazi ya baraza hilo ni nini, akanijibu kwa heshima kwamba ni kuamua vitu vina maana gani, ili wananchi wasipate taabu ya kuamua wenyewe. Alikuwa amesikia kwamba kuna mwalimu anayeujua upanga tangu kwa Wayunani, na kwa bahati njema kesho yake lingekuwapo shauri linalohitaji shahidi wa namna hiyo. Nilivimba kichwa. Mgeni akisifiwa elimu yake huwa hatazami anapokanyaga, na mimi sikutazama.

Akanipeleka kwenye Ukumbi wa Kusikilizwa. Ni jengo refu lenye sakafu ya chokaa iliyopigwa ikang'aa, na juu ya mlango kumechongwa maneno ambayo kwetu pia yapo: njia ya mwongo ni fupi. Ndani, upande wa kulia, kipo kiti kikubwa cha mpingo chenye miguu ya shaba iliyofinyangwa kama nyayo za simba. Hicho ni cha Msikizi Mkuu, ndiye mtawala wao. Katikati ya ukumbi kipo kigoda cha miguu mitatu, kidogo, cha mti laini. Na juu ya kigoda, kutoka kwenye boriti, unaning'inia upanga mrefu kuliko mkono wangu, ncha yake chini, umeshikwa na unywele mmoja wa mkia wa farasi.

Nilirudi nyuma hatua mbili kabla sijajua kuwa nimerudi. Fumbwe alitabasamu, akanieleza utaratibu. Mwananchi mwenye ombi hukaa kwenye kigoda na kulisema. Akimaliza salama, ombi lake hufikiriwa. Upanga ukianguka, basi kilichokuwa chini yake kilikuwa ni uongo, na Katibu huandika hivyo palepale kabla damu haijakauka. Alisema maneno hayo kama mtu anayeeleza saa za kufungua duka. Mwezi uliopita, aliniambia, walikaa waombaji kumi na wawili, na waongo walikuwa watatu tu, jambo linaloonyesha kuwa maadili yanapanda.

Msikizi Mkuu aliingia wakati tukiwa pale. Ni Mtukufu Nyenyembe, mtu mnene mwenye sauti laini na vidole vizuri, na sikuona kwake ukali wowote. Aliketi, akaagiza uji wa mtama. Fumbwe akasogea mbio, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa kiti, akabaki hivyo mpaka uji ulipoletwa na kuonjwa. Nilidhani ni adabu ya mezani, kumbe ni sheria. Neno la aliyekaa kwenye kile kiti ni amri, lakini lazima litekelezwe kabla hajainuka, na lazima awepo shahidi aliyegusa kiti na kutamka kwamba limetekelezwa. Akiinuka mapema, amri imekufa. Kwa hiyo Mtukufu huagiza sana vitu vilivyo karibu.

Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipoona matundu. Kukizunguka kigoda, kwenye chokaa, yalikuwapo matundu manne yasiyo na kina kirefu, mawili mbele na mawili nyuma. Yalikuwa yameachana kiasi kwamba kigoda kile kingeweza kukaa katikati yake kama yai katika sinia. Nilimuuliza Fumbwe ni ya nini. Akajibu kwamba Baraza la Maana lilikwisha kulijadili suala hilo kwa miaka tisa na kuamua kuwa ni ya kupitishia maji, sakafu inapooshwa. Nilitaka kumsahihisha kwamba maji hayapiti kwenye tundu lisilotoboka. Halafu nikafikiri kwa nini sakafu ile ioshwe mara nyingi kiasi cha kuhitaji matundu, nikasogea kando.

Chumba cha nyuma ni cha Bwana Tindo, mtunza nywele. Huyu ni mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alifurahi kupata mgeni. Alinionyesha kazi yake kama fundi cherehani anavyoonyesha vitambaa. Alikuwa na masanduku matatu. La kwanza lina nywele za farasi vijana, imara, unaweza kutundikia ndoo ya maji. La pili lina za farasi wa makamo. La tatu lina za farasi waliokufa zamani, kavu, na nyingine zilikatika mikononi mwake alipokuwa akinionyesha. Nikamuuliza nani huchagua. Akasema huchagua yeye, kwa kufuata ombi lenyewe. Anayeomba kubadili jina la mtaa hupewa sanduku la kwanza. Anayegombania mpaka na jirani, la pili. Anayeomba jambo linalomgusa Mtukufu, la tatu.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nilimwambia kwamba basi upanga haupimi ukweli wa mtu yeyote, na yeye ndiye anayeua. Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta, akanijibu jibu ambalo nilikuja kujua kuwa humpa kila mwombaji anayethubutu kumuuliza unywele wake umetoka sanduku lipi: "Mkweli haulizi unywele." Kisha akanikaribisha karanga, nami nilikuwa bado nimeduwaa kiasi kwamba nilizipokea na kuzila.

Shauri la kesho lilikuwa la mwanamke mfinyanzi aitwaye Bi Sikudhani. Nilikwenda kwake alasiri ile, na sikuhitaji kuulizia nyumba, maana vigelegele vilisikika tangu mwanzo wa njia. Huko Uning'inio, mtu akiitwa kigodani hufanyiwa sherehe. Wanawake walikuwa wakimshonea shuka nyeupe na kumwimbia kwamba amepata bahati, wakubwa hawana upanga, wanyonge wanao. Nilisikiliza ule wimbo mara mbili kuhakikisha kwamba sijausikia vibaya. Walikuwa wanauimba kwa moyo mmoja.

Yeye mwenyewe alikuwa uani, amekaa kando ya rundo la udongo, anafinyanga. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono mipana, macho makavu. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, akanisogezea mkeka. Mitungi mizuri ilikuwa imepangwa ukutani, na yeye alikuwa akinywea maji kwenye kipande cha chungu kilichovunjika. Nilimtania kwamba kweli mfinyanzi hulia gaeni. Akatabasamu kidogo, akaninyooshea lile gae ili niyaone maji yenyewe. Yalikuwa ya kijani, yana harufu.

Basi akanieleza. Kijiji chao kina chemchemi, na miaka mitatu iliyopita chemchemi ilizungushiwa ua ili imwagilie bustani ya maua ya Mtukufu. Tangu hapo wanakunywa ya mtaroni. Mwaka wa kwanza walizika watoto sita kwa kuhara. Mumewe, Makungu, alikwenda kigodani kuomba ua ufunguliwe upande mmoja tu, upana wa mtu na ndoo. Hakufika katikati ya sentensi yake ya pili. Iliandikwa kwamba alikuwa mwongo, na kwa kuwa alikuwa mwongo, basi maji ya mtaroni ni safi.

"Kesho naenda kuomba lilelile, Mwalimu," alisema. "Nilimuuliza Bwana Tindo unywele wangu. Unajua alichonijibu."

Nilimwambia nimeyaona masanduku. Nilimwambia asiende. Aliendelea kuukanda udongo, akasema juzi amezikwa mtoto mwingine wa pale jirani, na asipokwenda yeye atakwenda nani. Kisha akaniuliza jambo ambalo katika miaka thelathini na mmoja hakuna mwanafunzi aliyeniuliza. Huko kwa Wayunani, huo upanga ulikuwa juu ya nani?

Nikamsimulia, na safari hii hapakuwa na kengele. Alikuwapo mfalme, na alikuwapo mtu wa barazani kwake aliyekuwa hachoki kumwambia jinsi anavyofaidi: dhahabu, vyakula, watumishi. Siku moja mfalme akamwambia, basi njoo ukikalie kiti changu wewe. Akamketisha kwenye kiti cha kifalme, akamwandalia kila kitu, na yule mtu alipoinua macho akaona upanga umening'inia juu ya kichwa chake kwa unywele mmoja wa farasi. Chakula kikamshinda. Akaomba ruhusa ainuke. Mfalme alitaka ajue kwamba ule upanga ni wa kile kiti, na kwamba anayetawala ndiye anayekaa chini yake.

Bi Sikudhani aliacha kukanda. Akaniuliza kama kule ukumbini nimeyaona matundu manne. Nikasema nimeyaona. Akaniuliza kama kesho, nikiulizwa mbele ya watu, nitasema haya niliyomwambia. Nikamjibu nitasema, na wakati ule nilikuwa nina hakika kabisa.

Asubuhi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Msikizi Mkuu alikuwa kitini pake, mkono wa Fumbwe juu ya mkono wa kiti. Bi Sikudhani alisimama kando ya kigoda katika shuka yake nyeupe, na kapu dogo mkononi. Juu yake upanga ulikuwa unajizungusha taratibu, na mimi niliyeona lile sanduku la tatu nilikuwa nautazama kwa jicho moja.

Alisema kabla ya kukaa ana swali moja: mahali hapa chini ya upanga ni pa nani, mwombaji au Msikizi? Minong'ono ilienea. Fumbwe, bila wasiwasi wowote, alitangaza kwamba kwa bahati njema yupo mgeni msomi atakayelimaliza suala hilo, akanikaribisha. Nilisimama. Walinzi wawili walikuwa karibu yangu, na mmoja, kwa adabu sana, alinionyesha mahali pa kusimama ili nisikike vizuri. Palikuwa hatua moja tu kutoka kwenye kigoda. Niliinua macho nikaiona ncha.

"Mwalimu," Fumbwe aliuliza, "huko kwenu, msemo huu hufundishwa una maana gani?"

Nikasema: "Ni hatari inayoning'inia juu ya mtu."

"Mtu yeyote?"

"Ndivyo tunavyofundisha."

Hayo ndiyo niliyosema. Sikusema uongo, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, kwa kuwa lile lilikuwa jibu la alama mbili kamili. Fumbwe akaugeukia ukumbi akaeleza kwamba, kama walivyosikia, upanga ni wa mtu yeyote, na mwombaji bila shaka ni mtu. Watu wakapiga makofi. Bi Sikudhani alinitazama mara moja. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayegonga mtungi kwa kidole na kusikia kwamba una ufa. Kisha akapiga magoti sakafuni.

Akafungua kapu, akatoa bonge la udongo mbichi, akakata vipande vinne. Kila kipande alikisindilia ndani ya tundu moja kwa kidole gumba, pole pole, kama anavyofanya kila siku ya maisha yake anapotaka nakshi ya kitu. Fumbwe aliuliza anafanya nini. Akajibu kwamba anaziba matundu ya kupitishia maji, maana leo hayatahitajika. Wengine wakacheka. Alipomaliza alivifyatua vile vipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya kigoda ili watu wote waone.

Zilikuwa nyayo nne za simba. Vidole vilionekana, makucha yalionekana, na unyayo wa nyuma wa kushoto ulikuwa umepungukiwa ukucha mmoja. Mamia ya macho yaligeukia kiti cha Mtukufu, kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, ambako shaba ilikuwa imemeguka ukucha. Kiti kile kiliwekwa pale zamani, chokaa ikiwa bado mbichi, na sakafu ilikuwa haijasahau.

Nilitarajia kishindo. Nilitarajia walinzi, au Mtukufu akane. Kilichonishtua ni kwamba hakukana. Alivitazama vile vipande vya udongo kwa hamu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya utotoni, akasema ni kweli kabisa.

"Babu yangu ndiye aliyekisogeza," alisema. "Paa lilikuwa linavuja pale. Ilikuwa kwa muda."

Akaeleza zaidi, kwa sauti yake laini. Pale katikati pakabaki nafasi, na watu waliokuja na shida walihitaji mahali pa kukaa, basi mtu mmoja mwenye huruma akaleta kigoda. Hakuna aliyekusudia ubaya. Paa lilitengenezwa mwaka uleule. Nilikuwa nasikiliza nikihesabu kichwani: babu, baba, yeye mwenyewe. Waongo watatu kila mwezi, kwa muda.

Mtukufu alimtazama Bi Sikudhani, akatabasamu, nami nililijua tabasamu lile. Ndilo lililomo ndani ya hadithi niliyoifupisha kwa miaka thelathini na mmoja. Aliinuka, akaomba kiti kirudishwe mahali pake pa asili. Kigoda kiliwekwa kando, wanaume wanane wakakibeba kiti, na nyayo za simba ziliingia katika matundu yake bila kutikisika. Kisha akamwinamia mfinyanzi.

"Mama umeshinda. Na aliyeshinda astarehe. Karibu ukikalie wewe."

Watu walishangilia ukarimu huo. Tindo alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, na alitazama chini. Hakuna unywele wa sanduku la tatu uliowahi kufika adhuhuri. Bi Sikudhani akikataa, ameonekana mwongo. Akikubali, Mtukufu atapata kiti kilichosafishwa na shauri lililokwisha.

Alikikalia. Alipanga shuka yake magotini, akaweka mikono yenye udongo juu ya mikono ya kiti, na hakuinua macho juu hata mara moja. Alisema: "Ua wa chemchemi ufunguliwe. Maji yaletwe hapa."

Fumbwe alimgeukia Mtukufu. Neno la aliyekaa kwenye kiti kile ni amri, na sheria haikutaja jina la mkaaji. Wanawake wawili jirani zake hawakungoja tafsiri ya Baraza la Maana. Walichukua mezani muhuri wa Mtukufu, wa kuwaonyesha walinzi wa ua, wakatoka mbio. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa nzima.

Sijawahi kukaa saa ndefu kama ile. Upanga ulizunguka kidogo kulia, kidogo kushoto. Nilimwona Mtukufu anautazama kwa subira, kisha anautazama kwa mshangao, kisha anatazama dirishani kuona jua limefika wapi. Bi Sikudhani alikuwa akibandua udongo uliokauka kwenye vidole vyake, mmoja baada ya mwingine. Nilitamani ainuke. Kama angeinuka angepona, na ua ungefungwa, na mimi ningeweza kujiambia kwamba nililosema halikuua mtu.

Wale wanawake walirudi wametota jasho, na mtungi wao umejaa. Walimimina kwenye kata na maji yalikuwa meupe, unaona chini. Sasa alihitajika shahidi, wa kugusa kiti na kutamka kwamba amri imetekelezwa. Macho yalimgeukia Fumbwe. Mkono wake, ambao kila siku ulikuwa wa kwanza kufika kitini, ulikuwa umepata kazi ya kutafuta kitu ndani ya kanzu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba leo anajihisi ana homa.

"Mwalimu," Bi Sikudhani aliita. "Njoo wewe."

Nawaambia ukweli, nilitafuta sababu na sikuipata, wala ya homa wala nyingine. Nilikwenda hatua tano ambazo ningeweza kuzihesabu hadi leo, nikaweka kiganja juu ya mpingo, ncha ya upanga ikiwa pembeni mwa jicho langu. Nilionja maji. Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba haya ni maji ya chemchemi na amri imetekelezwa. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika pale na hofu ilikuwa imenimaliza, nikaongeza kwamba jana nilipewa nafasi ya kusema maana nzima ya upanga huu kwa mtu mmoja, na leo nikaisema nusu mbele ya wote. Nusu nyingine ni hii: upanga ni wa anayekaa kitini.

Bi Sikudhani aliinuka. Nilimshika mkono, tukatoka pamoja, hatua moja, mbili, nne. Ndipo niliposikia mlio mdogo, kama wa uzi unaokatwa kwa meno, na nyuma yetu kikafuata kishindo. Upanga ulikuwa umepasua kiti cha mpingo kuanzia kwenye mgongo hadi kwenye kikalio, na ulikuwa bado unatetemeka.

Kisha nilisikia neno moja likianza kunong'onwa, kwanza kwa wale waliokaa mbele, likienda nyuma kama mvua inayosogea juu ya mabati. Hawa ni watu waliolelewa na sheria moja tangu kuzaliwa. Upanga ukianguka, kilichokuwa chini yake kilikuwa ni uongo. Na kilichokuwa chini yake kilikuwa ni kiti.

Fumbwe alikuwa na kalamu mkononi na kitabu wazi, lakini hakuandika. Alisema jambo hili litahitaji kujadiliwa na Baraza, labda kwa miaka kadhaa.

"Andika, Katibu," alisema Bi Sikudhani. "Mume wangu ulimwandika upesi."

Akaandika. Mtukufu Nyenyembe alisogea mbele, akawaomba watu wake wamsikilize kidogo, kwa kuwa ana maelezo. Ilikuwa haki yake, na hakuna aliyemnyima. Ila mwananchi mwenye la kusikilizwa ana mahali pake pa kukaa, na hilo walilijua wote. Mtu mmoja alikileta kigoda, akakiweka kwa upole katikati ya matundu manne. Wengine walikivuta kando kiti kilichopasuka, na fundi wa kuutundika upanga alikuwa ameshauchomoa na kupanda nao ngazi.

Nilimtazama yule mtu mnene mwenye sauti laini akikitazama kigoda kana kwamba hajawahi kukiona. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Alimgeukia Tindo, ambaye alikuwa amekwisha kwenda chumbani kwake na kurudi, na kati ya vidole vyake palikuwa na unywele mmoja ambao kutoka nilipokuwa nisingeweza kusema ni wa farasi gani. Mtukufu alimuuliza kwa sauti ya chini, ya urafiki, unywele huo umetoka sanduku lipi.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Mtukufu," alisema, kwa upole uleule aliokuwa nao siku zote, "mkweli haulizi unywele."

Kisha akampa fundi unywele, na watu wakakaa chini kusikiliza.